Futi Tano Kutoka Usoni pa Baba

Lenzi ile ninayo mpaka leo, ndani ya soksi kuukuu iliyotiwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Wajukuu wakiiona huuliza inavuta mpaka wapi. Nawajibu kwamba haivuti popote. Ukitaka uso wa mtu uwe mkubwa kwenye picha, nyanyua miguu umfuate. Ukitaka uwe mdogo, rudi nyuma, na huko deltani kwetu anayerudi nyuma bila kutazama hujikuta topeni. Wanacheka. Siwaambii yaliyobaki, kwa hiyo nayaandika hapa.

Siku hizo za Mwingereza nilikuwa karani wa misitu. Kazi yangu ilikuwa kupima miti ya mikoko iliyokatwa na watu wa Mbuchi na visiwa vya jirani, nguzo, boriti, mazio na pau, kila aina kwa unene na urefu wake, kabla haijapakiwa kwenye majahazi. Mkubwa wetu alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Miti. Siku ya kwanza alinipa kamba yenye mafundo, fundo moja kwa kila futi, akaniambia nisiseme wala kuandika jambo ambalo sikulipima kwa mkono wangu mwenyewe. Maneno hayo yaliniingia kuliko yalivyostahili. Nikawa mtu wa "sijapima" na "sijaona" hata nyumbani. Mama akiuliza kama mtumbwi wa mjomba umekwisha kufika, nami nimesikia tu sauti za watu gatini, nilimjibu kuwa sijui. Alisonya, akaenda kutazama mwenyewe.

Kamera niliipata kwa baharia mmoja wa jahazi. Ilikuwa kamera nzima, ila lenzi yake ilikuwa hafifu. Juani ilipiga picha nzuri. Kivulini ikatoa masizi matupu. Na watu wa kwetu hawakai juani kwa hiari yao. Mkata mikoko akitoka topeni anataka upenu, na wanawake wako uani chini ya makuti. Nyuso zote nilizozipenda zilikuwa kivulini.

Ndipo siku moja nilipokwenda Kibiti kwa shughuli za ofisi nikaiona ile lenzi kwenye meza ya fundi saa. Alikuwa Mhindi mtu mzima, mzaliwa wa Kilwa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Lenzi ilikuwa imelala kati ya mikanda ya saa, nzito, pana mdomoni, ina utandu wa ukungu pembeni na mkwaruzo mmoja. Iliachwa na mpima ramani aliyerudi kwao. Maandishi yake yalikuwa yamesuguliwa na vidole vya mwenyewe wa kwanza mpaka yakafutika, zikabaki namba tu kwenye pete: moja, mbili, tatu, tano, kumi.

"Hiki, bwana karani," aliniambia, "kivulini kinaona kama paka. Ni cha nyuso hiki. Ila kwenye kamera yako hakitajipima chenyewe. Utapima wewe kutoka hapa mpaka usoni pa mtu, halafu uizungushe pete mpaka kwenye namba yake."

"Kupima ndiyo kazi yangu," nikamjibu, na nilijisikia kidume.

Bei yake haikufika ya baiskeli mbovu. Nikainunua, nikaijaribu siku ile ile niliyorudi. Nilipiga ng'ambo ya mto, palipopangwa boriti, nikapiga jahazi lililotia nanga mbali, nikapiga mikoko. Filamu niliituma Dar es Salaam kwa dereva wa lori, na picha ziliporudi ziliweza kuhesabiwa boriti moja moja. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Leo najua kwamba vitu vya mbali vyote hukaa mwisho wa pete, na mwisho wa pete ni mmoja kwa kila kipimo. Siku ile nilijua tu kwamba nimepata kitu kizuri kwa bei rahisi.

Mwaka huo baba yangu alinuia kwenda Makka.

Baba alikuwa mkata boriti tangu ujana, mabega yake yalikuwa na sugu za kubebea miti. Yeye na mama walikuwa wameweka nia ya haji kwa miaka mingi, wakiuza mpunga na boriti na kujinyima. Nia yao ilikuwa ya watu wawili. Lakini baba alianza kukohoa, na mwaka ule kilichopatikana kilimtosha mtu mmoja. Wazee wa msikitini wakamwambia aende yeye kabla afya haijamtupa. Mama hakupinga. Nani atapinga haji? Alisema mara moja tu, akiwa anatwanga, "Tulisema wawili," kisha akaendelea kutwanga, na tangu siku hiyo akawa mtu wa maneno machache.

Anayekwenda Makka kwetu hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Hatakiwi kuondoka na kinyongo cha mtu mgongoni. Baba alipita kwa kila mtu, hata kwa jamaa mmoja waliyegombana naye kwa ajili ya mtumbwi mimi sijazaliwa. Yule bwana alimkumbatia, wote wawili wakalia. Wa mwisho alikuwa mama. Nilikuwepo. Mama alikuwa anapepeta, baba akachuchumaa mbele yake kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama watoto, nakuomba radhi. Nililokukosea kwa kujua na kwa kutojua."

"Nimekuwia radhi," mama akasema, "duniani na akhera." Ungo haukusimama, wala hakuinua uso.

Baba alibaki amechuchumaa kitambo, kisha akainuka akishika magoti. Nilijua analofikiri kwa sababu baadaye aliniambia: radhi ya mdomo aliipata, ya moyo hakuiona. Na kwa mtu kama baba haji bila radhi ya mkewe ilikuwa safari ya bure. Jambo hilo lilimtesa kuliko kikohozi.

Asubuhi ya kuondoka aliniita. "Lete hicho kioo chako. Mungu akinichukua huko, mama yako awe na cha kutazama."

Nilimweka kwenye kigoda chini ya upenu, mgongo wake ukielekea jikoni. Alivaa kanzu mpya na kofia ya vito, ile ya matundu ya sindano, aliyoshonewa na mama kabla ya ukimya kuingia. Nilimwita mama naye aje akae pembeni. "Mie sitaki kutiwa kwenye vioo," alijibu kutoka jikoni. Basi nikatoa kamba yangu ya mafundo. Baba, aliyezoea kunishikia ncha ya kamba tulipopima boriti, aliishika ncha ile akaibana kwenye mfupa wa shavu lake, chini ya jicho, na mimi nikaivuta mpaka kwenye kamera. Mafundo matano. Nikaizungusha pete mpaka kwenye tano, nikafungua lenzi yote kwa sababu ya kivuli.

Kamera ile tundu la kutazamia lilikuwa la pembeni, halikupitia kwenye lenzi. Kama lenzi imekosea, jicho halijui. Nilimwona baba wazi kabisa, kila unywele wa ndevu. Sikutazama kingine chochote. "Tulia, baba," nikamwambia. Akatulia. Nikapiga.

Kisha mwadhini akamwadhinia pale mlangoni kama ilivyo ada, na baba akatoka. Msafiri wa haji kwetu akishatoka hageuki nyuma. Akigeuka, wanasema, moyo unabaki. Tulishuka gatini, mimi nimebeba sanduku lake, na shingo yake ilikuwa imekakamaa kwa jinsi alivyojizuia asigeuke.

Mtumbwi ulitufikisha bara, tukatembea, tukapata lori, na mchana tukawa Kibiti kungojea lori jingine la kumpeleka Dar es Salaam. Tulikaa kwenye baraza la duka. Baba alikunywa chai, akamega andazi akaniachia nusu, kisha akasema:

"Mwanangu, wewe ulikuwa umenielekea pale uani. Mie nilikuwa nimempa mama yako mgongo. Nilisikia ametoka mlangoni pa jiko. Uso wake ulikuwaje?"

Nilijaribu kukumbuka kwa haki. Nilikumbuka kamba, pete, ndevu zake.

"Sikuona, baba. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Hata kidogo? Hakulia?"

"Sikuona."

"Haya," akasema. Akatazama barabara ya Mtawanya tuliyojia, akavuta kofia yake vizuri kichwani. Lori likaja. Nilimbusu mkono, nikampa filamu ampe dereva, naye dereva aifikishe kwa wasafishaji.

Dar es Salaam baba alifikia kwa binamu yake, akangojea meli karibu mwezi mzima, kwa maana meli ya mahujaji ilikuwa na desturi ya kuchelewa. Wiki ya tatu picha zikanifikia. Nilifungua bahasha nikiwa nimesimama kwenye ofisi yetu ya makuti. Baba hakuwepo. Palikuwa na kanzu iliyofumka kama pamba, na juu yake, mahali pa uso, palikuwa na doa la weusi na weupe, kama maandishi ya wino yaliyonyeshewa mvua. Ungeweza kusema ni mtu yeyote. Nyuma yake palikuwa na mlango wa jiko, kinu, na mtu amesimama. Sikujishughulisha na vya nyuma. Niliona aibu tu, aibu ya karani mpimaji aliyeshindwa kupima futi tano. Picha nikaichomeka chini kabisa ya sanduku langu.

Siku mbili baadaye dereva wa lori akavuka kuniletea salamu. Baba mzima, kikohozi kipo, meli bado. "Na anauliza picha imetoka? Kama imetoka anataka kuiona kabla hajapanda meli. Nirudi nayo kesho."

Nikasema, "Mwambie bado."

Nimekwisha kuishi na neno hilo zaidi ya miaka hamsini. Mimi, mtu wa "sijaona" na "sijapima", niliyemnyima baba yangu neno moja la kumtuliza pale barazani kwa kuwa sikulihakikisha, nilisema uongo bila kupepesa jicho ili nisichekwe kwa picha mbovu. Dereva akaenda. Wiki ile ile meli ikang'oa nanga.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda Kibiti kugombana na fundi saa. Nilimtupia lenzi mezani, na picha juu yake. Nilimwambia ameniuzia kioo kipofu. Hakukasirika. Alichukua kile kikombe chake kidogo cha kioo anachobana jichoni anapofungua saa, akainamia picha, akakaa hapo muda mrefu.

"Ulipima vipi?"

Nikamwonyesha kamba.

"Futi," akasema. "Kha! Bwana karani, kioo hiki si cha Mwingereza. Watu wake hawajui futi, wanapima kwa mita. Tano yake ni hatua sita saba za mtu mzima, ni mara tatu ya kamba yako na zaidi. Kioo hakikukosea. Ulikiambia kitazame huko nyuma, kikatazama huko nyuma." Akanipa kile kikombe. "Na kimetazama vizuri sana. Huyu ni nani?"

Nikabana kikombe jichoni. Mlangoni pa jiko, nyuma ya bega la lile wingu lililokuwa baba, alisimama mama yangu. Kila kitu chake kilikuwa wazi, jina la kanga, mishipa ya mkono, mikunjo ya shingo. Mkono mmoja ameshika mwimo wa mlango, mwingine ameubana upindo wa kanga mdomoni ili sauti isitoke. Na mashavu yake yote mawili yalikuwa yamelowa, yaking'aa mpaka kidevuni. Alikuwa anautazama mgongo wa baba. Sijapata kuona mtu akimtazama mtu namna ile, kabla wala baada.

Fundi saa alinipa kiti, akaenda kuniletea maji, akarudi akakuta nimejiinamia pale nalia mbele ya wateja wake. Picha ile ilikuwa jibu lote alilolihitaji baba, nalo lilikaa sandukuni mwangu wakati yeye yuko Dar es Salaam, mwendo wa lori moja tu, akiliulizia.

Nilijipa moyo kwamba nitamwonyesha akirudi. Nilichukua sindano nikaikwaruza pete ile alama mpya za futi, nikazihakikisha moja moja kwa siku nyingi, na tangu hapo lenzi haikunikosea tena. Niliwapiga wakata boriti chini ya upenu, wapiga makasia, wanawake wa Mbuchi walioacha kuniogopa. Watu walisema nyuso zangu zinataka kusema. Hilo baba angefurahi kulisikia, nikawa nafikiri, nikaweka kila picha nzuri pembeni kwa ajili yake.

Mahujaji waliporudi, baba hakuwemo. Kikohozi kilimmaliza kulekule, baada ya Arafa, haji yake imetimia. Watu walikuja nyumbani kwetu wakiwa na pole na hongera kwa pamoja, maana kuzikwa ardhi ile ni jambo ambalo wengine huliomba maisha yao yote. Mzee aliyelala naye hema moja alituletea tasbihi yake na maji ya zamzam. Mimi nilimfuata pembeni nikamuuliza kama baba alisema lolote.

"Alisema mengi ya heri," akanijibu. "Ila alikuwa na jambo moja. Kila akiinua mikono alikuwa anamwomba Mungu amlainishie mkewe moyo. Alikuwa na hofu hajasamehewa."

Mama aliingia eda. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani na nguo zake nyeupe, na mimi niliingia kumwamkia asubuhi na jioni nikiwa na picha ile mfukoni, nikatoka nayo. Nilijiambia si wakati wake. Ukweli ni kwamba niliogopa. Alipotoka eda, akaoga, akavaa kanga ya rangi na kutoka uani kuchambua mchele, nilikaa kwenye mkeka mbele yake nikamkabidhi.

Aliigeuza huku na huku. "Huyu nani, moshi huu?"

"Baba, mama. Nilikosea kipimo."

Akaisogeza karibu. Nilimwona akiitambua kofia kwanza, kwa umbo lake. Akapitisha kidole gumba pale ambapo uso ulipaswa kuwa, polepole, kama mtu anayepangusa vumbi. Kisha macho yake yakapanda juu ya bega lile, yakafika mlangoni, akajiona. Mchele ulikuwa mapajani mwake, ndani ya ungo.

"Picha hii aliiona?" akauliza.

"Hakuiona." Na kwa kuwa nilikwisha kuanza, nikamwambia yote: swali la baba pale barazani Kibiti, salamu za dereva, uongo wangu, na dua za kule hemani. Sikujitetea. Nilitazama mkeka nilipokuwa nasema.

"Alikuuliza kama nililia?"

"Aliniuliza mara mbili."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia sikuona, mama. Kweli sikuona."

Mama yangu alinitazama. Hapakuwa na hasira usoni pake, na ningeshukuru kama ingekuwepo.

"Ungemwambia nililia, mwanangu," akasema. "Hata kama hukuona. Ungemwambia tu."

Nikasema ndiyo, mama. Alinirudishia picha, akainamia ungo, akaendelea kutoa chuya.